Kodiani Yenye Pumu

Watu wa mtaa walimwita Kimya, kwa kuwa ukimpelekea gauni apunguze, alikujibu kwa kichwa. Alihamia chumba cha kupanga mtaani hapo baada ya kumzika mama yake, akaja na cherehani, kitanda na mto wa marehemu. Hakuna aliyemuuliza habari zake, naye hakuwa mtu wa kuanza maneno.

Kodiani aliinunua kwenye mitumba, ile ndogo ya kujifunzia, kwa bei ya kutupa. Vitufe viligongana kama meno ya mtu mwenye homa, na mvukuto, ule mkunjo unaovutwa na kusukumwa, ulivuja hewa. Chini ya vitufe alibandika vipande vya koti zito, makelele yakaisha. Kwenye mvukuto akafanya anachokijua: akatia viraka, akavishona kwa mshono mdogo mdogo, mzuri hadi akajisifu moyoni.

Jumamosi akajikaza kisabuni, akaingia saluni kwa kinyozi, ambako wapiga muziki wa mtaa hukutana wateja wakiisha. Karibu na mlango palikuwa na kiti kitupu. Muda mrefu alikuwa akipita nje na kukitazama.

Akavuta. Kodiani ikakoroma.

"Jamani, hii ina pumu!" kinyozi akasema, wenzake wakaangua kicheko. Akaukagua mvukuto kwenye mwanga. "Eh, dada yangu, umeishona? Hili si gauni! Kila ilipopita sindano pana tundu."

"Nilidhani uzi utashika."

"Umeshika, ila pumzi imetoroka. Fumua, ubandike kwa gundi. Jumamosi ijayo isipokoroma, kiti hicho chako. Na ukiifunga, bonyeza kile kitufe cha pembeni, kinatoa hewa bila mlio. Usiilazimishe, maskini ya Mungu."

Alicheka nao kidogo, kwa adabu. Lakini lile neno alirudi nalo chumbani. Pumu ndiyo iliyomwondoa mama yake. Akakaa kitandani, akavuta tena, akasikia: mkoromo ule ule uliokuwa ukitoka kwenye mto ule miaka yote, tangu yeye mtoto.

Basi hakufumua. Kila jioni alizima redio, akavuta na kusukuma bila kupiga wimbo wowote, akasikiliza tu.

Ijumaa, kicheko kikavuka barabara kutoka saluni. Mtu alikuwa ameimba vibaya, wenzake wanamtania. Kimya akageuka ili acheke na mwenzake, lakini kando yake hapakuwa na mtu.

Akachukua wembe, akafumua. Akakata ngozi laini ya mkoba mkuukuu, akapaka gundi, akabandika. Kila tundu lilipozibwa, mkoromo ulififia. Kwenye la mwisho alisita, akatega sikio. Kisha akalibana kwa kidole mpaka gundi ikashika.

Asubuhi akavuta. Haikukoroma, wala mvukuto haukufunguka. Ndipo alipokumbuka kile kitufe cha pembeni. Akakibonyeza, akauvuta mvukuto, kisha akaufunga taratibu.

Pumzi ikatoka ndefu, laini, bila kukwama popote.

Akarudia. Ilikuwa pumzi ya mtu mwenye afya zake, na maisha yake yote hakuwahi kumsikia mama akipumua hivyo. Akaulaza mto vizuri, akaiweka kodiani juu yake, akaiacha ipumzike hadi saa ya saluni.