Damu ya Kabla

Ibada ya kuwashukuru wanyama wa maabara ilikuwa imekwisha, na watu walianza kutawanyika kutoka kwenye lile jiwe la kumbukumbu nyuma ya chuo, pale Okayama. Bi Shizuno alibaki akipanga karoti chini ya maua. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili katika banda la sungura. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa maabara, ghorofa ya nne, mpaka Profesa Hirasawa alipomshusha.

"Dada Shizuno!"

Aligeuka. Hirasawa mwenyewe, na boksi la keki za maharage mekundu mkononi, limefungwa kwa kitambaa. Nyuma yake alisimama Minori, mwanafunzi wake wa uzamivu, amemshikia mwavuli huku yeye mwenyewe akilowa.

"Tangu lini nimekuwa dada yako?"

"Bado una maneno!" Hirasawa alicheka peke yake. "Sikia. Kuna mkaguzi wa jarida ananisumbua. Anataka kuona damu ya yule sungura wetu, ile ya kabla ya kudungwa."

"Alikuwa na jina. Komugi."

"Huyohuyo. Nimeshamwambia ile chupa iliharibika umeme ulipokatika. Wewe niandikie mistari miwili tu ya kuthibitisha, upige muhuri wako. Mwezi ujao natawazwa mkurugenzi, sitaki kelele."

Bi Shizuno aliweka karoti nyingine chini ya maua. Alikuwa akimkumbuka Komugi, sungura mweupe mwenye sikio moja lililokunjika. Walimdunga kimeng'enya kinachorekebisha DNA iliyovunjika, na mwili wake ukatengeneza kingamwili za kukikamata. Bi Shizuno ndiye aliyemtoa damu sikioni, baada ya kulipasha joto kwa kiganja chake ili asiumie. Lakini kingamwili za sungura ni mchanganyiko, kama watu waliojaa harusini: wengine wamealikwa, wengine wamejiingiza. Ndiyo maana fundi huchukua damu kidogo kabla ya kumdunga mnyama, aje ailinganishe na ile ya baadaye.

Kwenye filamu, ile picha inayoonyesha kila kitu kilichokamatwa na kingamwili, ilitokea mistari miwili. Wa chini ulikuwa kimeng'enya chenyewe. Wa juu, Hirasawa akautangaza kuwa umbo jipya la kimeng'enya hicho, akaliita kaka mkubwa, na jina lake likavuma.

"Tupime kwanza damu ya kabla," Bi Shizuno alimwambia siku ile.

"Wewe kalishe sungura," alimjibu mbele ya watu wote, nao wakacheka.

Makala ya ugunduzi huo ilipotoka, jina la Bi Shizuno halikuwemo. Mwishoni Hirasawa alimshukuru hata muuza majani ya sungura. Mwezi uliofuata akamshusha bandani.

Mwaka uleule Bi Shizuno aliipima damu ya kabla kimyakimya. Mstari wa juu ulikuwemo! Sungura alikuwa nao kabla ya kudungwa chochote. Kaka mkubwa alikuwa mgeni wa kujiingiza tu. Akairudisha chupa chini kabisa ya jokofu, akanyamaza. Alitaka Hirasawa apande juu kwanza, ili siku akianguka mshindo usikike.

Na sasa siku yenyewe ilikuwa imekuja na keki.

Karoti moja ikaporomoka. Minori akapiga magoti kwenye matope, akairudisha mahali pake, akanong'ona, "Asante, Komugi."

Bi Shizuno akamtazama. "Mwanangu, unamjua Komugi?"

"Damu yake ndiyo ninayotumia, Bibi. Mwaka wa tatu huu. Shahada yangu yote iko pale."

Bi Shizuno aliyatazama matope magotini pake. Miaka kumi na miwili alikuwa amelenga mtu mmoja, kumbe mbele yake kasimama mtoto wa watu ambaye naye angeanguka.

"Nitaleta Alhamisi," alimwambia Hirasawa, akalipokea boksi la keki. "Kwenye kikao chenu."

Siku tatu hakupumzika. Alichukua damu ya Komugi ya baada ya kudungwa, akaipitisha polepole kwenye chembe ndogo mfano wa shanga, zilizobandikwa kimeng'enya safi. Kingamwili zilizokijua zikanasa, nyingine akaziosha zikaenda zake. Kisha akazibandua zile zilizonasa, akazikusanya tone kwa tone.

Alhamisi aliingia kikaoni na koti lake la bandani, majani makavu yamenasa kwenye mikono ya koti. Akaweka filamu mbili kwenye meza ya mwanga. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Baada ya sindano, mistari miwili. Kabla ya sindano, mmoja: ule wa juu.

"Kaka mkubwa huyo hapo," alisema. "Alizaliwa na sungura."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Hirasawa alikuwa mweupe kama sahani.

"Barua yangu je?"

"Nimeiandika. Mistari miwili, kama ulivyotaka. Damu ya kabla ipo. Imepimwa. Nimepiga muhuri, nimempelekea mkaguzi jana pamoja na picha."

Bi Shizuno aliionja furaha ile bila haraka. Ilikuwa tamu, wala hakuionea haya. Kisha akamgeukia Minori, ambaye machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya daftari, akamwekea kichupa mkononi na kumfumba vidole.

"Hii nimeisafisha. Rudia kazi yako kwa hii. Mstari wako wa chini ni wa kweli, mwanangu; wa juu mwachie mwenyewe. Utachelewa mwaka mzima, nisamehe. Ukikwama, shuka bandani, nitakuwa nawe."

Minori aliinama mpaka paji la uso likagusa meza.

"Shizuno," Hirasawa alisema kwa sauti ndogo, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukanituma nikalishe sungura." Akaweka boksi la keki mbele yake, kitambaa chake hakijafunguliwa. Akatazama saa ya ukutani. "Na sasa hivi wana njaa."