Kiwanja Katika Bonde la Joka

Kila mtu ana wazimu wake, na wazimu wa karani wa masjala ya ardhi ulikuwa maboksi. Alikusanya michezo ya zamani ya kompyuta, ile ya mazimwi, wachawi na panga, mradi tu iwe ndani ya boksi lake la asili na kila kikorokoro chake. Kuicheza? Thubutu! Disketi hazikufunguliwa hata siku moja, na mkewe, aliyewahi kupangusa maboksi hayo kwa kitambaa kibichi, alikuwa bado anasimangwa.

Boksi moja lilimtesa miaka kumi na mitano. Kitabu kilikuwemo, disketi nne zilikuwemo, hata pete ya bati ilikuwemo. Ramani ya kitambaa ndiyo haikuwemo. Ilipomfikia hatimaye kwa posta, mwanamume alilia machozi. Ila ilikuwa na makunyanzi, naye akaona hakuna kitu kizito duniani kama majalada ya ofisini kwake. Akailaza chini ya majalada sitini, akaenda likizo.

Aliporudi, aliikuta ukutani, ina muhuri wa zambarau na namba ya jalada.

"Ndugu yangu, ulituficha bonde zima!" mpiga mihuri alimwambia. "Tumeshagawa kiwanja cha kwanza."

Aliyepewa ni muuguzi mstaafu, aliyesubiri kwenye orodha miaka tisa. Karani akamkimbilia mkuu wa masjala.

"Bosi, ile ramani ni yangu. Ni ya mchezo!"

"Ilikuwa yako," mkuu alijibu bila kuinua macho. "Ikishagongwa muhuri ni ya ofisi. Haitoki mpaka mwenye kiwanja ajitoe, au akabidhiwe kiwanja kitupu, jalada lifungwe."

Karani akamfuata muuguzi kwake, akajaribu kumtisha.

"Mama, kiwanja chako kimepakana na joka."

"Moja?"

"Moja, mama."

"Mwanangu, mimi nimekaa nyumba moja na mawifi wanne. Nipeleke nikakione."

Hapo maji yakazidi unga, maana njia ya kukiona ilikuwa moja tu. Karani akamkaribisha sebuleni kwake mwenyewe, akachana pakiti ya disketi, akawasha kompyuta. Kikatokea kijumba, kisima na mbuzi mmoja. Muuguzi alitabasamu mpaka jino la mwisho, kisha akakunja uso.

"Na huyu anayerandaranda kwangu na upanga ni nani?"

"Ni mimi, mama. Mchezo unaanzia hapo."

"Basi hama."

Karani alijaribu kuhama siku tatu. Kila njia aliyoshika msituni ilimrudisha kwa mbuzi yuleyule. Bila ramani hakuna kutoka, na bila kutoka hakuna ramani. Mkuu aliposikia, alisema sheria ni msumeno, kisha akaruhusu yule mvamizi mwenye upanga aletwe ofisini pamoja na kompyuta yake.

Wakafunga dirisha la wateja. Muuguzi alibonyeza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haraka. Mpiga mihuri alipima ramani kwa rula. Karani alisoma kitabu kwa sauti, mara yake ya kwanza kukisoma. Mkuu, aliyesema atachungulia tu, alivua koti.

"Kushoto! Kushoto, nasema! Hamwoni daraja?"

Joka liliwaua mara kumi na moja, na kila mara wote wanne walishika vichwa kama wafiwa. Alasiri mvamizi akavuka mto. Muuguzi akasaini kwamba amekabidhiwa kiwanja kitupu. Mkuu akaitungua ramani, akamkabidhi karani kwa mikono miwili.

Nyumbani karani aliikunja kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akaiweka juu ya kitabu, akafunika. Boksi lilikuwa kamili. Alilitazama mpaka chai ikapoa, akiisubiri ile furaha ya miaka kumi na mitano, na wala haikuja. Alichokisikia moyoni kilikuwa upweke, tena upweke mkali. Mkewe akamwuliza kama anaumwa.

Jumatatu alipanga foleni upande wa wateja, nyuma ya watu sita, ramani kwapani.

"Shida yako?" mpiga mihuri aliuliza, kana kwamba hamjui.

"Naomba kiwanja. Popote pale bondeni, mradi niwe jirani na yule mama."

Mpiga mihuri akavuta fomu, akalamba kidole.

"Una familia ya watu wangapi?"