Muda wa Kiko Kimoja

Ester alijua namna ya kumwangusha nyati kabla hajajua kutuma ujumbe wa simu. Si kwamba aliwahi kushika upinde. Alikuwa mke wa mtu aliyeushika. Marehemu Yohane alikuwa mtu wa Farkwa, wa wale wanaogonga ulimi wakizungumza, na ujana wake wote ulikwisha porini. Walipohamia Ihumwa, nje ya Dodoma, akawa kibarua wa reli, lakini ikifika jioni hakuwa na hadithi nyingine. Mpige chini, nyuma ya bega. Kichwa cha nyati ni jiwe, usipoteze mshale wako. Na ukishampiga usimkimbilie. Kaa, uvute kiko kimoja. Ukimfukuza atakwenda kufia usikokujua. Ukimwacha atalala karibu tu, akitazama alikotoka, amwone anayemfuata.

Jenifa, mtoto wao wa pekee, aliyasikia hayo tangu yuko mapajani mwa baba yake. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu hajampa mama yake hata salamu.

Yalianza Yohane alipougua ini. Jenifa, wakati huo tayari ana duka la vitenge Mwanza, alitaka baba apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe. Yohane akasema, "Nirudisheni nyumbani." Ester akamtoa hospitali, akamrudisha Ihumwa. Siku ya nne akafa, basi la Jenifa likiwa bado njiani. Na pale msibani, watu wakisikia, binti akasema, "Umemwacha baba afe." Akaondoka hata matanga hayajaanuliwa.

Ester akapiga simu. Akapiga asubuhi, akapiga akitoka kanisani, akapiga kwa simu za majirani. Kadiri alivyopiga ndivyo mtoto alivyozidi kwenda, mpaka namba yenyewe ikawa haipatikani. Nyumba ya vyumba vitatu ikabaki na mtu mmoja na redio. Mkono wake ulikataa kupunguza unga. Kila jioni akasonga ugali wa watu wawili, asubuhi akala kiporo.

Ndipo siku moja akaitwa na Shakila, rafiki wa Jenifa tangu darasa la kwanza, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na reli.

"Shikamoo mama. Kaa hapo kwenye kiti. Jeni amenikataza kutoa namba yake, na mimi sitoi."

"Marahaba. Ndiyo umenitoa nyumbani nije kusikia hilo?"

"Taratibu basi, mama. Namba sitoi. Ila gemu hakunikataza." Akamwonyesha kioo cha simu: nyika, nyasi kavu, twiga mbali. "Kila siku saa kumi na mbili jioni akishafunga duka anaingia humu kuwinda. Jina lake ndilo hili, BintiFarkwa. Anayetaka anaungana naye."

"Anawinda kwenye simu? Nyama anakula nani?"

"Hakuna nyama, mama."

"Basi ni kazi bure."

"Bure kabisa. Lakini yupo."

Ester aliliombea jambo hilo siku mbili. Wanyama hawakumsumbua, maana picha haina uhai. Kilichomsumbua ni uongo. Shakila alimwazima simu ya kioo, akataka kumwandika Simba Jike, Ester akakataa katakata. Mwisho gemu lenyewe likampa jina, Mwindaji 4417. Kwa kuwa hakulitunga yeye, dhamiri yake ikatulia.

Wiki za kwanza zilikuwa aibu tupu. Vidole vilivyozoea jembe havikujua kubonyeza polepole. Alitumbukia mtoni. Alimlenga pofu, yule swala mkubwa kama maksai, akapiga mti. Maandishi yakatokea chini ya kioo: "4417 hongera, umeua mti."

Ester alicheka peke yake mpaka kuku akakurupuka jikoni. Kisha akachukua kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akafungua ukurasa mweupe wa nyuma, akayanakili maneno yale kwa kalamu. Yalikuwa ya kwanza kutoka kwa mwanawe kwa miaka mitatu.

Akawa haongei, anafuata tu nyuma ya lile shati jekundu alilovaa mwindaji wa Jenifa. Akajua kusoma upepo kwa majani yanavyolala. Akajifunza kitufe cha kuchuchumaa, ambacho Jenifa hakukigusa kabisa.

"Jumapili huwa huonekani," Jenifa aliandika siku moja.

"Huwa nasali."

"Haya mtakatifu. Tuombee nyati basi."

Nyati huyo alikuwa dume zee la pembe moja iliyovunjika, na Jenifa alikuwa anamtafuta kuliko mnyama mwingine yeyote. Kulenga alijua. Risasi ilikwenda palepale, chini, nyuma ya bega, na Ester akiiona moyo ulimruka kama amemwona Yohane. Lakini mlio haujaisha, shati jekundu lilishatimua mbio. Nyati akisikia miguu anainuka, anakwenda. Akikaribiwa tena anainuka tena, mpaka damu inapotea kwenye nyasi na mchezo unaandika kwamba mnyama amepotea. Mara nne kwa wiki moja.

Ester aliona kosa tangu mara ya kwanza, akanyamaza. Alijua akisema atajulikana, na akijulikana Jenifa atakimbia, na safari hii hakutakuwa na Shakila wa kumwonyesha mlango mwingine.

Alhamisi Jenifa akampiga kwa mara ya tano. Nyati akakunja mgongo, akazama kwenye miiba. Shati jekundu likaanza mbio. Na Ester, bila kufikiri, kama mtu anayemzuia mtoto asiingie barabarani, akaandika: "Usimfukuze. Kaa. Kiko kimoja."

Shati jekundu likasimama.

Lilisimama muda mrefu. Huku Ihumwa treni ikapita, vikombe vikatetema kabatini. Kisha wakaenda polepole, wawili, wakamkuta hatua kama mia tu, amelala, kichwa kimeelekea walikotoka wao. Medali zikamwagika kwenye kioo, hakuna aliyezitazama.

"Kiko kimoja alikuwa anasema baba yangu tu," Jenifa aliandika. "Wewe nani?"

Angeweza kusema ni mtu wa Farkwa, huko wazee wengi walivuta kiko. Akaandika: "Mama yako."

Mchezo ukatangaza: BintiFarkwa ameondoka.

Ijumaa hakuja. Jumamosi hakuja.

"Nimpigie, mama?" Shakila aliuliza. "Ukimwacha hivi hivi, utampoteza mazima."

"Usimpigie."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimempigia miaka mitatu, Shakila. Sasa nakaa."

Jumapili akaenda kanisani, akakaa upande wa kina mama, akaimba kutoka kitabu kilekile. Jumatatu saa kumi na mbili akamleta mwindaji wake pale kwenye miiba, akamchuchumaza, akaondoa mkono kwenye simu. Jumanne vivyo hivyo. Pundamilia walipita mbele yake, hakuwalenga. Kwenye sufuria ugali wa watu wawili ulipoa.

Jumatano jina likawaka.

Shati jekundu lilisimama mbali, kwenye nyasi, halikusogea. Ester alibana hata pumzi, kana kwamba ingesikika Mwanza.

Ndipo maandishi yakaja. "Alilala akitazama wapi?"

Ester alijua haulizwi habari za nyati, anaulizwa za Yohane. Yako maneno mazuri ya kujibu swali kama lile, alale pema, amepumzika kwa Bwana, na yote ni ya kweli. Akayaacha. Akaandika herufi moja moja:

"Mlangoni. Nilimgeuzia dirishani apate hewa. Akajigeuza mwenyewe."

Nyasi za kwenye simu ziliendelea kulala na upepo wao. Ester aliweka simu mezani, akakunja mikono kifuani, akatazama tu.

Baada ya muda shati jekundu likaanza kusogea, kwa kutembea, si kwa mbio. Likafika mpaka kwenye miiba. Likasimama hatua mbili kutoka kwa Mwindaji 4417, halafu likachuchumaa.