Ndoo ya Nyumbani

Kwa mujibu wa wasifu ulioandikwa na mwanawe mkubwa, Mzee Shada alikuwa mtu mpole, mvumilivu na mpenda familia. Huo upole haukuwahi kuonwa na yeyote aliyethubutu kukata waridi shina fupi mbele yake. Uvumilivu, labda ule wa kuwasikiliza wateja wanaouliza kama ana maua yasiyonyauka. Lakini kuhusu familia hakuna aliyebisha. Mzee aliipenda familia yake kiasi kwamba hakuwahi kuinyima kazi hata siku moja.

Juu ya sinki la duka lake la maua alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: FAMILIA KWANZA. Wateja waliyasoma maneno hayo wakaguswa moyo. Watoto wake watatu walijua tafsiri yake: familia ndiyo ya kwanza kufika, ya kwanza kutia mikono kwenye maji ya baridi, na ya kwanza kulaumiwa ndoo ikivuja. Shule zilipofungwa, wenzao walikwenda kutembea kwa bibi zao. Wao walikwenda kutoa miiba.

Asubuhi hiyo ya maziko, Kitinda, kitindamimba wa Mzee, alikuwa amekaa dukani humo akiipitia karatasi ya kaka yake kwa mara ya nne. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuisoma makaburini, kwa sababu Kaka alisema atalia, na Dada alisema hawezi kusoma uongo huku amevaa viatu virefu. Kitinda ndiye aliyebaki na Mzee miaka sita ya mwisho, tangu siku aliporudi nyumbani na sanduku moja baada ya ndoa iliyodumu miezi minane. Sasa aliogopa jambo moja tu: kwamba ifikapo saa tisa watakuwa wamemzika mtu mwingine kabisa, mtu mpole asiyejulikana na yeyote, na baba yake atakuwa ameondoka bila kuagwa.

“Kaka,” akasema, “hapa umeandika, ‘Ua zuri limechumwa lingali changa.’ Hii si kadi namba saba?”

Kwenye droo ya duka kulikuwa na kadi kumi na mbili zenye maneno tayari, kwa ajili ya wateja waliojaliwa fedha wakakosa la kusema. Namba tatu ilikuwa ya wakwe. Namba tano ilikuwa ya waume waliokosa wakakamatwa, na hiyo ilitoka sana. Namba saba ilikuwa ya msiba, na Mzee mwenyewe aliiita kadi ya wenye haraka.

“Ni maneno mazuri,” Kaka akajitetea. “Watu huyapenda.”

“Ana miaka sabini na tatu. Uchanga upi huo?”

“Mwache, mdogo wangu,” Dada akasema, akikata majani bila kuinua macho. “Shukuru hakuweka namba tano.”

Kaka akanuna, akakunja mikono ya shati lake la msiba, akasogea mezani. Shada la kuweka juu ya kaburi la baba yao lilikuwa halijaanza kufungwa, na ndugu hao watatu walikuwa wamekubaliana jambo moja maishani: hakuna fundi mwingine atakayeligusa. Tajiri wa shambani aliyekuwa akimletea Mzee maua alikuwa ametuma rambirambi yake, ndoo tatu za mawaridi meupe na mayungiyungi, yamenyooka kama askari wa gwaride. Zilipangwa ukutani, mahali pa maua ya wateja.

Chini ya meza palikuwa na ndoo nyingine, ya buluu, isiyo na mpini. Hiyo iliitwa ndoo ya nyumbani. Humo yalitupwa maua yaliyovunjika shingo, yaliyoungua ukingo, yaliyokaliwa na mteja mmoja mnene aliyedhani benchi ni benchi. Kila jioni Mzee aliinama, akachagua machache, akayafunga magango ya waya mwembamba na utepe wa kijani, akayapeleka kwenye meza ya chakula. Sheria ilikuwa fupi na watoto waliijua kabla ya kujua kuhesabu: ua zima lina wateja wake. Mwana wa Mzee Shada akigusa ua zima kwa matumizi yake, mkono ulichapwa kofi. Hata Dada, siku ya harusi yake, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwa na shela kichwani, akitoa miiba, maana kulikuwa na bibi harusi mwingine aliyelipa mapema. Shada lake mwenyewe lilikuwa na waya kumi na saba. Alizihesabu, na picha anazo.

Basi wakafunga. Wakabishana kama kawaida. Kaka alitaka umbo la moyo, Dada akamwambia Mzee hakuwa keki. Kitinda alipitisha waya, Dada akapanga, Kaka akazungusha utepe kisha akautia mfukoni kama alivyozoea tangu utotoni, ili asiulizwe uko wapi. Mikono ilifanya kazi yenyewe huku midomo ikifanya yake. Walipomaliza, shada lilikuwa kubwa, la duara, jeupe, na wote watatu wakarudi nyuma hatua moja wakalitazama. Hata Kaka alisahau moyo wake.

Makaburini watu walijaa. Nusu yao Mzee aliwaremba kwenye harusi, na nusu nyingine aliwasaidia kuzika. Jeneza likashushwa, udongo ukarudishwa, shada likawekwa juu. Hapo ndipo Shangazi, dada yake Mzee, mwanamke asiyepitwa na dosari hata gizani, alipotoa miwani yake, akaipangusa kwa upindo wa khanga na kuinama.

“Wanangu,” akauliza kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini, “mbona hili shada lina mifupa?”

Kitinda akatazama. Akaona waya. Akaona yungiyungi lenye ukingo wa kahawia, waridi lililobanwa gango, na jingine, na jingine. Akamgeukia Dada, na Dada alikuwa tayari amejifunika mdomo. Kule dukani, ndoo tatu za maua ya gwaride zilikuwa bado zimesimama ukutani, hazijaguswa. Mikono mitatu ilikuwa imeambiwa hili ni la nyumbani, ikaenda chini ya meza moja kwa moja. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuijulisha kwamba leo mteja ni baba.

Na kama aibu hiyo haikutosha, waridi kubwa lililokuwa katikati likalegea shingo taratibu, mbele ya umati wote, likainamisha kichwa.

Minong'ono ikapita nyuma kama moshi. Kwamba mtu amewarembea watu mji mzima, na watoto wake wamemletea takataka. Kwamba ndiyo malipo ya dunia. Mtu mmoja aliyewahi kuchukua namba tano mara nne kwa mwaka mmoja alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Kaka akamsogelea Kitinda, akamnong'oneza asome haraka, tena aanze na pale pa upole, watu wasahau.

Kitinda akaifungua karatasi. Akaliona lile ua changa lililochumwa. Akaikunja tena.

“Baba yetu hakuwa mpole,” akasema, na minong'ono ikakatika kama imefungwa bomba. “Haya maua yametoka kwenye ndoo yake ya nyumbani. Mazima yapo dukani. Hatukukusudia. Ndivyo alivyotuzoesha.”

Lililofuata hakuwahi kumwambia mtu.

“Siku niliyorudi na sanduku langu, hakuniuliza kitu. Wengi wenu hapa mliniuliza. Yeye aliinama, akatoa yungiyungi lililovunjika, akalifunga gango, akaliweka karibu na sahani yangu. Akasema, ‘Ua zima lina wateja wake. Hili tusipolichukua sisi, atalichukua nani?’ Halafu akasema kesho nifike dukani saa kumi na mbili, na nisichelewe.”

Kaka alikuwa amemtumbulia macho. Miaka yote hiyo alijua nusu ya sheria tu, ile nusu ya kofi.

Mama yao alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, mikono mapajani. “Miaka arobaini na tano,” akasema, “sijapewa ua lisilo na waya. Leo na yeye ameonja.” Akacheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na wanawake wakamsogelea. Shangazi akavua miwani, safari hii si kwa ajili ya kutazama.

Kaka, ambaye alikuwa amekataa kusoma kwa kuogopa kulia, sasa alilia bila karatasi. Akatia mkono mfukoni atoe kitambaa, akatoa utepe wa kijani. Akautazama. Kisha akapiga magoti udongoni na suruali yake mpya, akainua kichwa cha lile waridi, akaanza kulizungushia.

Dada akavua viatu vyake virefu, akapiga magoti kando yake.

“Unalikaba,” akasema. “Legeza. Kazi ya miaka thelathini na bado unakaba.”

“Nishikie basi, maneno baadaye.”

Kitinda akachomoa kipande cha waya kutoka pembeni mwa shada, akakinyoosha kwa meno kama alivyofundishwa, akawapa. Watu walisubiri. Wengine walitazama saa zao, maana walikuwa na shughuli. Lakini shughuli ya familia ilikuwa haijaisha, na kama kawaida ya Mzee Shada, ilibidi ya wengine ingoje.