Mwambie Mkwe Ajenge Jiko

Mume wangu Kondo alipoijenga nyumba yetu hapa Kilosa, alikataa katakata jiko kuzungushiwa ukuta. Yeye ni mpishi wa hoteli moja kule Mikumi, na huko wageni hupenda kumtazama mpishi akigeuza mayai. Kwa hiyo jiko letu likakaa sebuleni, limetengwa na makochi kwa meza ndefu ya saruji iliyopigwa vigae. Majirani walikuja kuangalia, nami nikajivuna kwa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria vizuri.

Kisha mama yangu akaja kutoka Malolo.

Alikuja kwa ajili ya tumbo langu. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, siku zilikuwa zimekaribia, na nasema bila haya kwamba nilikuwa naogopa kuzaa. Nilimtaka mama awepo anikande kwa maji ya moto, anipikie uji wa pilipili manga, anigombeze nikilia. Kondo naye, kwa mapenzi yake, akachukua likizo ili awe karibu. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza, maana kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawasemeshani ana kwa ana. Ni heshima, na hawa wangu wawili kila mmoja alitaka kumzidi mwenzake kwa heshima.

Sasa waweke watu hao katika nyumba ambayo jiko linatazamana na makochi. Mama akipika, Kondo amejifungia chumbani kama kuku anayeatamia. Kondo akitazama mpira, mama hathubutu kwenda kuchukua hata chumvi. Asubuhi moja nilimkuta mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, anatokea kwenye dirisha ambalo bado halijatiwa nondo, viatu mkononi. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Chooni," akasema, kama vile ndiyo njia ya kawaida.

Halafu yakatokea ya maharage. Mama alikuwa jikoni anayaunga, akijua Kondo yuko sokoni. Kondo akarudi kuchukua simu aliyoisahau. Mama kusikia mlango, akachuchumaa nyuma ya ile meza. Kondo hakumwona. Akajitupa kwenye kochi, akapiga simu Mikumi, akawa anacheka na wenzake habari za nyani walioingia hotelini wakatoka na mikate ya chai. Maharage yakaanza kushika chini. Mama aliyasikia yanaungua, mwiko anao mkononi, na hakusimama. Harufu ilipomfikia Kondo, upishi wake ukamshinda. Akakimbilia jikoni, akainama kuzima gesi, akaona kanga, na ndani ya kanga mkwe wake amejifunika uso kwa mwiko. Alitoka mbio mpaka kwa jirani yetu Agatha na hakurudi hadi alasiri. Mimi nilicheka mpaka nikahofia kuzalia kwenye kochi.

Mama hakucheka. Nilimkuta anakunja nguo zake.

"Jumamosi narudi Malolo," akasema. "Siwezi kukaa nyumba isiyo na pa kujistiri. Mkwe kaniona nimechuchumaa, Mwanne. Nimechuchumaa."

Kicheko kikaniisha hapo hapo. Kondo aliporudi alasiri nikamfuata nje, nikamwambia tujenge jiko la nje, haraka, matofali na mabati si yapo. Akashtuka. Vitu hivyo alikuwa ameviweka kwa ajili ya kibaraza cha mbele, mahali pa kukaa siku zake za mapumziko akisalimiana na wapita njia.

"Jiko la nje si uwekezaji, mke wangu," akasema. "Mtu akishatoka kwenye moshi harudi kwenye moshi. Wenzangu wa Mikumi wakija watanionaje?"

"Mimba nimebeba mimi au wenzako wa Mikumi?"

Akasema atalifikiria. Namjua, kufikiria kwake kungenikuta mtoto ameshaanza shule. Basi jioni ile nikaitisha kikao. Kondo alikaa kwenye ngazi za nje, mama kwenye korido nyuma ya pazia, na mimi na tumbo langu mlangoni, katikati. Walisikiana vizuri kabisa, hata kupumua, lakini kila neno lilipaswa kupitia kwangu.

"Mwambie mama shikamoo," Kondo alianza.

"Mama, mkweo anakuamkia."

"Mwambie marahaba. Tena mwambie asisumbuke na majiko. Naondoka kwa amani, sina kinyongo."

Nikamgeukia Kondo. Sijui nini kilinipata. "Mama anashukuru sana," nikasema, "kwa moyo wako wa kumjengea jiko la nje."

Kondo akanikodolea macho. Pazia likatikisika. Nikangoja nikanushwe, na hakuna aliyenikanusha. Mama angenikosoa vipi bila kumsemesha mkwe wake? Na Kondo angesemaje kwamba sivyo, bila kukiri kuwa amekuwa akiisikiliza sauti ya mama mkwe kama redio? Heshima yao wenyewe ilikuwa imewafunga midomo, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilifurahi mpaka nikaona kizunguzungu.

"Mwambie mama," Kondo akasema polepole, akichagua maneno, "jiko la nje ni jambo jema, ila linataka kufikiriwa kwanza kama uwekezaji wowote."

"Mama, anasema fundi Makarius atafika kesho asubuhi."

Kondo akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu sana kwa mtu asiye na kifua.

"Haya, mwambie basi," mama akasema, na sauti ilikuwa imeanza kuchangamka, "dirisha lisielekee upepo. Moshi utarudi ndani, utatutoa machozi."

Hilo nililifikisha kama lilivyo, nami nikaona mpishi anaamka ndani ya mume wangu. Mwambie mama tutaacha nafasi chini ya paa moshi utoke. Mwambie mkwe kuni zikae ndani, zisinyeshewe. Mwambie mama kutakuwa na meza ya kukatia mboga, ya kimo chake, asiiname. Walikuwa wakinitupia maneno kwa kasi hata nikaishiwa pumzi, na Kondo alikuwa ameshaanza kuchora udongoni kwa kijiti. Kibaraza chake hakikutajwa tena.

Kisha mama akalivuta pazia likaziba vizuri.

"Mwambie alijenge," akasema. "Ni jema kwa mke wake. Lakini mimi Jumamosi yangu iko pale pale. Nikishaondoka, aibu yangu itapoa."

Kijiti cha Kondo kikasimama. Alikuwa amesikia, akainamisha kichwa, akangoja nimwambie kile alichokisikia. Niliwaza chumba cha kuzalia, na mimi ndani yake, na mama yuko Malolo anapepeta mahindi kwa sababu ya sufuria ya maharage. Sikuweza kulitamka neno lile.

"Mama anasema," nikasema, na nilisema kwa sauti ili hata Agatha asikie, "atakaa hapa mpaka mtoto atembee."

Kondo hakuinua kichwa.

"Mwambie mama asante," akasema.

"Mama, anasema asante."

Nilijua kwamba safari hii mama angeweza kufungua pazia akaniumbua, ukwe au si ukwe. Nilimsikia anapenga kamasi.

"Mwambie," mama akasema mwishowe, "huyo fundi asinipangie mafiga. Nitayapanga mwenyewe."

Nilifungua mdomo nifikishe, lakini nilikuwa nalia na hakikutoka kitu. Nikawa natikisa kichwa tu pale mlangoni, mmoja mbele yangu, mwingine nyuma.

"Sawa, mama," Kondo akajibu, akiwa bado anatazama chini.