Koti la Kepteni

Fundi alikuwa anafumua mkanda wa bega kwa wembe pale mkono wake uliposimama. Mkanda ule ulikuwa umepunguzwa vidole vitatu, upande wa kushoto tu, na mshono ulikuwa wake mwenyewe.

Makoti ya kuzuia risasi yalikuwa yakirudi kutoka vitani kila mwezi. Kampuni huyafua, yeye huziba matundu, mwenzake huyapiga pasi, kisha vijana wapya huvalishwa na kupelekwa kupigana vita vya watu wengine.

Ni mmoja tu aliyewahi kupunguziwa mkanda hivyo. Mdogo wake fundi, kitindamimba wao, alikuwa na bega la kushoto lililoshuka. "Kaza, dada," alisema siku ile, "nisionekane kama mlango uliong'oka bawaba."

Baada ya miezi minne kampuni iliandika barua: ametoroka na vifaa vya kazi. Mtoro hana mazishi wala fidia. Tangu hapo mama yao hakutoka hata kwenda dukani.

Fundi alichomoa bamba la kifuani, lile lililopaswa kuzuia risasi. Lilikuwa bati lililopakwa rangi, na katikati risasi ilikuwa imepita kama kidole kwenye uji.

"Shoga, umekodoa macho hivyo, umeona nyoka?" aliuliza mpiga pasi.

"Hili ni la mdogo wangu."

"Si walisema alikimbia na…" Mpiga pasi akajiziba mdomo.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwenye kampuni, ambaye wote walimwita Kepteni ingawa jeshi alilijua kwa picha. Kabla ya vita aliuza matangi ya maji. Sasa alikuwa amenawiri mpaka vifungo vya shati vinaomba msaada. Fundi alilisukuma bamba chini ya vitambaa.

"Fundi wangu! Keshokutwa nawapeleka wateja mstari wa mbele. Nishonee koti, lakini si haya ya watoto."

"Haya yana nini, bosi?"

"Hayana kitu, ni kama mapya. Ila kitambi changu kina watoto watano wa kulisha!" Alicheka peke yake.

Fundi alimzungushia futi kifuani, polepole.

"Bosi, yule mdogo wangu, hamjapata habari zake?"

"Dada, nisikufiche. Alitimua mbio na koti letu mwilini. Nikimshika, atanitambua."

Kepteni hakupepesa hata jicho. Kona ya chumba ilianza kunuka kitambaa kinachoungua.

"Kifua, inchi arobaini na sita," alisema fundi, akaandika.

Kepteni alipotoka, mpiga pasi aliinua pasi kutoka kwenye kola iliyoungua. "Nenda polisi."

"Mkuu wao alikula naye jana."

Miaka miwili fundi alikuwa amesema labda. Labda kampuni haijui. Labda barua ilikosewa. Alikata kitambaa kipya, kizito, akashona mfuko wa kifuani kwa mshono maradufu. Kisha akalichukua lile bamba lenye tundu, akalipangusa, akalitumbukiza humo.

"Huo ndio ushahidi wako," alinong'ona mpiga pasi.

"Nauweka panapostahili."

"Utaua mtu, shoga."

"Si amesema ni kama mapya?"

"Ana watoto watano."

Sindano ilisimama. Fundi alitazama nje, uani, ambako vijana wapya walikuwa wamepanga foleni wakitaniana juu ya nani ana miguu ya kukimbilia.

"Mama yangu alikuwa na wawili," alisema, na cherehani ikaanza tena.

Mpiga pasi alirudi kwenye meza yake, akanyunyiza maji, akanyoosha mkono. "Lete kola niinyooshe. Yule mtu anapenda kupendeza."

Saa kumi na moja mlinzi aligonga akitaka kufunga. Mfuko ulikuwa umeshazibwa, lakini ubavu wa kulia ulikuwa bado wazi, maana tumbo lile halikuwa la kukisia. Fundi aliushikiza kwa pini, akatundika koti ukutani na karatasi juu yake: *Bosi. Kupimwa kesho, saa tatu.* Akaifunika cherehani.