Sehemu ya Thelathini

Bi Zakiya alifariki siku moja kabla ya Ramadhani, nyumbani kwao Tanta, Misri, na aliyekuwa naye chumbani ni mjukuu wake Nihali, wa miaka saba. Shauki, mwanawe, alibaki na swali moja. Miezi mitatu mama yake hakumsemesha, tangu alipomvunjia banda lake la njiwa juu ya paa ili aweke dishi la televisheni. Je, alikufa na kinyongo?

"Nihali, bibi alisema nini?"

Mtoto, aliyezijua tamthilia za Ramadhani, zile za sehemu thelathini, moja kila usiku, kuliko madaftari yake, alikunja mikono. "Bibi alifungua macho. Akaniita. Akasema..." Hapo akaimba tangazo la samli, kisha la sabuni. "Itaendelea kesho baada ya futari."

Shauki alimbembeleza, akamtisha, akamnunulia kitamutamu cha kunafa. Nihali akaila kunafa. Kesho yake bibi aliomba maji. Keshokutwa akayanywa. Sehemu ya tisa nzima, bibi aligeukia ukutani.

Majirani waliokuja kutoa pole wakawa wanarudi kila magharibi na viti vyao.

"Shauki, sogea, unatuziba," alisema Umm Sabri wa ghorofa ya chini.

"Huyu ni mama yangu, Umm Sabri."

"Najua, baba, Mungu amrehemu. Sogea."

Siku ya ishirini na tisa, mwezi ukaandama. Televisheni ikatangaza kesho ni Idi. Watu wakapeana mikono, ila Shauki akaketi sakafuni.

"Na sehemu ya thelathini?" aliuliza, mtu mzima, mvi kichwani.

Nihali alifikiri. "Mwezi ukiandama mapema, wanaunganisha mbili."

"Basi unganisha, mama. Nakuomba."

"Na matangazo?"

"Sema hayo matangazo, nasubiri."

Akayaimba yote mawili, naye Shauki akasubiri. Kisha mtoto akasema, "Bibi aliuliza, 'Shauki amekula?' Nikamwambia hujala. Akasema chakula chako kiko kwenye friza, chini kabisa. Mwisho."

Shauki alikwenda jikoni. Chini ya mifuko ya bamia kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa nyingine, na ndani yake njiwa mmoja aliyejazwa wali, mgumu kama jiwe.

Alimweka kwenye sufuria, akawasha jiko, akavuta kiti.

Umm Sabri naye akahamishia chake jikoni.